Mji Uliokuwa Ukiungua Kila Ijumaa

Kama hujawahi kukaa na Mwalimu, basi hujui mtu anavyoweza kuanzia kwenye bei ya vitunguu akakufikisha Ayalandi. Mtu akilalamika kuwa kiyoyozi chake kimeharibika, Mwalimu atamwambia joto ni joto, lakini joto la mji mzima analijua yeye. Mtu akisema mwanawe kafeli mtihani, atauliza mtihani wa nini, na akijibiwa wa historia basi safari imekwisha, tumeshafika. Nimemuona kwa macho yangu akiianza hadithi yake kwenye harusi kule Sib, huku huku Oman, bwana harusi hajakaa sawasawa kwenye kiti, kwa sababu tu mzee mmoja alisifu kuwa ukoo wa bibi harusi ni mkubwa kama mji. "Mji?" akasema Mwalimu, na kifinjani akakiweka chini. Kaka wa bwana harusi akafumba macho akawa anasoma kitu moyoni, nadhani alikuwa akiomba subira.

Mji wenyewe unaitwa Cork. Uko kusini ya Ayalandi. Zaidi ya miaka mia iliyopita, Waayalandi walipokuwa wakipigania uhuru wao, askari wa Mwingereza waliuchoma usiku mmoja wa Disemba: maduka ya katikati ya mji, maktaba, na jumba la manispaa lenye mnara wa saa. Mwalimu hakuwepo, alikuwa hata hajazaliwa. Lakini ujanani alikwenda kusoma huko, akapanga chumba kwa bibi mmoja mjane aliyeuona moto ule akiwa mtoto, na jioni za baridi bibi huyo akawa hana kazi ila kumhadithia. Siku Mwalimu anafunga mizigo yake kuondoka, bibi akamwambia: kaisimulie huko uendako, na uifikishe mpaka mwisho. Mwalimu akaahidi. Na Mwalimu ni mtu ambaye ahadi kwake ni amana, na amana ukiifikisha nusu ni kama hukuifikisha.

Hapo ndipo palipokuwa na balaa la maisha yake. Miaka yote aliyokaa Mabela, mtaa wetu huku Maskati, kila Ijumaa majlisi yake, ukumbi wa wageni, imejaa majirani, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuusikia mwisho wa hadithi hiyo. Nitasema kwa nini, lakini kwanza mjueni mtu mwenyewe.

Alisomesha jiografia, si historia, na kwa hivyo mji ule alikuwa hausimulii tu, alikuwa akiutandika. Tukishamaliza wali na kuletewa kahawa, yeye husogea katikati ya busati akaanza kujenga. Chupa ya kahawa ndiyo mto. Tende zilizopangwa mstari ndiyo mtaa mkubwa wa maduka. Sahani ya machungwa ndiyo mlima ambao watu walikimbilia wakautazama mji wao ukiungua. Bakuli la halwa, ambalo lazima liwekwe ng'ambo ya mto, ndilo jumba la manispaa. Yeye alikuwa akiliita Baladia, kama hii ya kwetu inayotutoza faini tukitupa taka ovyo.

Sasa fikiri shida yake. Umekaa, halwa iko mbele yako, imenyunyiziwa lozi, inang'ara, na huwezi kuigusa kwa sababu Baladia haijashika moto. Ukinyoosha mkono, Mwalimu anakutazama kama askari amekushika na kiberiti. Siku moja alimaliza kueleza maduka, akageuka kuitafuta maktaba, ambayo siku hiyo ilikuwa kipande cha keki ya ndizi, hakuiona.

"Nani kala maktaba?"

Tukamuona Mzee wa Forodha anajifuta mdomo.

"Si itaungua hata hivyo," akasema. "Mie nimeiokoa."

Huyo Mzee wa Forodha alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja na mpinzani wake wa kudumu. Wanajuana tangu Unguja, tulikotoka karibu sote hapa mtaani, isipokuwa Mwalimu aliondoka mapema kwenda kusoma, na mwenzake akabaki kule miaka mingi ndipo akaja Oman. Hapa alifanya kazi ya forodha bandarini, ile Bandari ya Sultan Qaboos siku zile meli zikileta mizigo na si watalii wenye kaptura, mpaka akastaafu. Kazi ile ilimfundisha kutomuamini mtu yeyote anayekwambia ndani ya sanduku mna nguo tu. Kila neno la Mwalimu alilifungua akalikagua. Na walipogombana zaidi ni kwenye mto. Maana baada ya moto ule wakubwa wa London walikana, wakasema watu wa Cork wameuchoma mji wao wenyewe, na kuhusu Baladia wakasema moto uliruka tu kutoka mtaa wa maduka.

"Uliruka!" Mwalimu akisema, akinyanyua chupa ya kahawa juu tuione. "Mto huu hapa. Moto umekuja mpaka hapa, ukavua viatu, ukavuka?"

"Upepo upo," Mzee wa Forodha akijibu. "Mie nimeona cheche zikiruka bandarini."

"Weye umeona. Weye nani? Uliona maktaba ukaila."

Sisi tulikuwa tukicheka mpaka kahawa inamwagika, na hadithi inarudi nyuma tena kwa sababu lazima mto utandikwe upya.

Msidhani elimu ile ilikuwa haina faida. Jirani yetu mmoja ana binti anayesoma udaktari huko huko Cork, maana watoto wengi wa Oman wanakwenda Ayalandi kusoma udaktari. Wiki ya mwanzo akapotea. Simu yake ina chaji kidogo, ramani haifunguki, mvua inanyesha, akampigia baba yake huku Mabela analia. Baba mtu hajawahi kufika hata Dubai, lakini alimwambia, "Mwanangu, unauona mto? Haya, upe mgongo mto, nenda mpaka mtaa mpana wenye maduka, huo umepinda, ufuate." Akamfikisha bwenini. Jioni binti akapiga tena kumshukuru, akasema, "Lakini baba, mbona hapajaungua? Pote pamejengwa." Baba akaja kumpa Mwalimu habari hiyo kama mtu anayeleta habari za msiba. Mwalimu akasema, "Najua pamejengwa, nimekaa pale." Lakini usoni alionekana ameumia kidogo.

Alikuwa mwoga wa moto kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa ukumbini, jikoni, garini na hata chumbani kwake, ambako mkewe, Bi Zuwena, aliugeuza kuwa mahali pa kutundikia mtandio. Alikuwa na mpira wa kumwagilia mitende ambao hauazimwi, hata uje na sheikh wa msikiti kukuombea. Kisa ni kwamba usiku ule askari waliikata mipira ya zimamoto ili maji yasifike. Basi kila Magharibi utamkuta anaupitisha mpira wake vidoleni, taratibu, anatafuta mpasuko. Na kutoka hapo ndipo lilipokuja neno lake ambalo mtaa mzima tunalitumia mpaka leo: "Usiniulize nani kawasha moto, niulize nani kakata mpira." Mie nafanya kazi uwanja wa ndege, nimelisema neno hilo kwenye mkutano wa kazini mabegi ya watu yalipopotea, na wakubwa wakaniona mtu mwenye busara.

Na mtu huyo huyo, Sikukuu ikifika, alikuwa akiwasha makaa ya mishkaki kwa mafuta ya taa. Tumemkataza, haambiliki. Mwaka mmoja alimimina mafuta makaa yakiwa hayajazimika sawasawa, moto ukapanda, ukamla ndevu za upande mmoja. Mtungi wa kuzimia uko pale ubavuni pake, ameusahau. Akasimama na ndevu nusu, ananuka kama kuku aliyebabuliwa, akasema ni upepo.

"Upepo gani?" akasema Mzee wa Forodha. "Weye umejichoma mwenyewe."

Jamani, maneno hayo kwa Mwalimu yalikuwa mazito kuliko tusi, maana ndiyo yale yale ya London. Hakusema naye siku nzima. Ilibidi Mzee wa Forodha aje usiku na sahani ya mishkaki aliyochoma nyumbani kwake, aseme mbele yetu kuwa upepo ulikuwepo, na ulikuwa mkali.

Mwalimu alikuwa hataki hata kumsikia Mwingereza, lakini chai ya maziwa ya saa kumi ilikuwa haimpiti, na mtoto akitamka Kiingereza vibaya mbele yake atamrudisha neno mpaka alie. Nilipomuuliza akasema kumchukia mtu si sababu ya kuharibu chai.

Sasa nije kwenye udi. Huku Oman kila mtu anaijua sheria hii: baada ya udi hakuna kukaa. Mgeni atakula, atakunywa kahawa, atazungumza, lakini chetezo kikishaletwa, kikazungushwa, kila mtu akajifukiza ndevu na kanzu yake, basi anasema alhamdulillahi anaaga. Si kufukuzwa, ni adabu, na hakuna mtu mwenye adabu zake atakayebaki amekaa moshi ukishapita.

Na Bi Zuwena alikuwa nyuma ya mlango. Mwalimu anajenga mji, anauchoma, mipira inakatwa, watu wanakimbilia mlimani, moto unafika Baladia, saa ya mnara bado inagonga huku chini kunawaka. Sauti yake inapanda, anainua mkono juu ya bakuli la halwa, anasema, "Basi mnara ule..." Na mlango unafunguliwa, udi huo unaingia. Kila Ijumaa. Hakukosea hata siku moja, wala hakuchelewa. Mnara ulikuwa ukianguka tukiwa tunatafuta viatu.

Tulimshukuru sana Bi Zuwena. Wanaume wengine wakiwaambia wake zao, mpelekeeni salamu, mwambieni Mungu amzidishie. Mama yangu, aliyekuwa shoga yake, akisema Bi Zuwena ameokoa watu wengi kuliko zimamoto ya Maskati nzima. Na mwenyewe akiambiwa hivyo alikuwa akitabasamu tu, anasema, "Watu wana kazi zao, mwacheni mzee na moto wake."

Mwaka mmoja alikwenda Umra akamwachia kazi hiyo Neema, msichana wao wa kazi kutoka Mbeya, mgeni kabisa nchini, hana hata mwezi. Alimuagiza: Baba akifika kwenye mnara, peleka chetezo. Neema ni mtu wa bidii. Akaona wageni wameingia, wamekaa, wanasubiri chakula, akaona si vizuri watu wakae hivi hivi bila harufu nzuri. Akawasha udi mwingi, akauleta mwanzo, ili kuwakaribisha.

Tulitazamana. Harufu ya biriani inatujia kutoka jikoni, tena biriani ya mbuzi. Lakini udi umeingia, umepita mbele ya kila mtu, na kusema kuwa umekosewa ni kuiaibisha nyumba ya watu. Mzee wa Forodha ndiye aliyeinuka wa kwanza, akajifukiza, akasema, "Alhamdulillahi, tumefurahi sana," kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Na sisi tukamfuata. Mwalimu amesimama mlangoni mikono wazi, anataka kutuzuia, na yeye pia hajui ataanzaje bila ya kumvunja uso yule binti. Tukaenda zetu na njaa. Mie nilikula mkate na jibini kwangu, na mke wangu akanicheka mpaka akakaa chini.

"Kwani wamekasirika nini?" Neema alimuuliza Mwalimu. "Nimewafukizia vizuri tu."

Lililonishangaza ni Ijumaa zilizofuata, maana Bi Zuwena alikuwa bado Makka. Mtu aliyekuwa akiutafuta mwisho wa hadithi yake miaka yote, sasa mkewe hayupo, uwanja ni wake. Lakini akafunga majlisi. Akatuma habari kuwa ana mafua. Nilimpitia na dawa nikamkuta mzima, anakagua mpira wake.

Baadaye nikapata nafasi ya kumuuliza. Alikuwa ameanza kuona vibaya, mie nikimpeleka kwa daktari wa macho, na tukakwama kwenye foleni karibu na mzunguko wa Sib. Akawa ananiambia habari za yule bibi wa Cork, jinsi alivyokuwa akimpikia viazi kila siku ya Mungu na kumfungia mlango akichelewa. Kisha akasema, "Nnaogopa kufa na amana ya watu, mwanangu. Nimeahidi mwisho, na mwisho sijausema."

"Si umwambie Bi Zuwena asilete udi?"

"Umeoa weye?"

"Nimeoa, Mwalimu."

"Basi unaniuliza nini?"

Nikacheka, na yeye akacheka, na foleni ikasogea. Lakini nilimuona ameshika mkanda wa gari kwa mikono miwili, hajauachia mpaka tulipofika.

Bi Zuwena alifariki mwaka uliopita, baada ya kuumwa kidogo tu. Mtaa ulimlilia. Majlisi ya Mwalimu ikawa imefungwa miezi, na sisi Ijumaa tukawa tunakula majumbani kwetu na kulala, tukiamka vichwa vinatuuma. Sikutegemea kama nitausikia moyo wangu ukiutamani moto wa Cork, lakini niliutamani. Hata Mzee wa Forodha, ukimkuta msikitini, alikuwa akisema, "Siku hizi hakuna mtu wa kubishana naye, wote mnakubali kubali tu."

Ndipo mwezi huu Mwalimu akatuma salamu kuwa Ijumaa tuje. Nilijua amekusudia nini. Amedhoofika, anatembea ameshika kuta, na daktari wa moyo amemwambia maneno ambayo yeye hayasemi, lakini tunayajua. Tukashauriana msikitini kwamba safari hii hakuna atakayeondoka, hakuna atakayeigusa halwa, na Mzee wa Forodha asiseme habari ya upepo. Udi usiletwe kabisa, mzee auseme mwisho wake apumue. Mie nikapewa kazi ya kumwambia Neema.

Nikamkuta jikoni anatengeneza makaa.

"Neema, leo usilete udi."

"Siwezi, kaka."

"Huwezi vipi? Mwenye nyumba ni Mwalimu, na anataka amalize hadithi."

Akaweka koleo chini. Neema siku hizi amekuwa mtu mzima, anaongea Kiarabu cha sokoni kuliko mimi, na nyumba ile anaiendesha yeye. "Mama aliniachia usia," akasema. "Alivyokuwa amelala pale hospitali aliniambia, Neema, hata nikifa usiache. Baba akifika kwenye mnara, peleka udi. Akipita pale analia. Alinihadithia mimi mkewe mwisho wake tulipooana, akalia mpaka asubuhi, na hapendi watu wamuone."

Mie nikabaki nimesimama na trei ya vifinjani. Miaka yote tulidhani Bi Zuwena anatuokoa sisi, na tukimtumia salamu za shukurani kwa hilo, na yeye anatabasamu anazipokea. Kumbe sisi hatukuwemo. Niliona haya, wallahi, niliona haya mbele ya yule mwanamke ambaye hayupo. Mzee ana amana yake na Neema ana yake, na zote mbili zimewekwa na watu waliokufa. "Fanya utakavyoona," nikamwambia, nikarudi ndani.

Mwalimu alijenga mji wake. Tende nyengine zikamponyoka, tukamsaidia kuzipanga. Mto ukawekwa, mlima ukawekwa. Alipofika kwenye moto kuruka mto akamtazama Mzee wa Forodha, akasubiri. Mzee wa Forodha akatazama dari. "Huna la kusema?" akamuuliza. "Sina," akajibu mwenzake, na Mwalimu akaonekana hakupenda.

Maduka yakaungua. Mipira ikakatwa. Saa ikawa inagonga ndani ya moto. Mwalimu akainua mkono juu ya bakuli la halwa, akasema, "Basi mnara ule..."

Na mlango ukafunguliwa. Neema amesimama na chetezo, moshi unamzunguka, macho yake yamejaa machozi. Sisi tumekaa, hakuna anayejua ainuke au abaki. Mwalimu akaushusha mkono.

"Rudi nao, mwanangu," akamwambia taratibu. "Najua kakutuma. Leo wacha nilie."

Neema akarudi, lakini mlango hakuufunga.

"Mnara ukaanguka," akasema Mwalimu. "Asubuhi mji unafuka moshi. Yule bibi, mtoto wakati huo, baba yake alikuwa karani wa duka la nguo, na duka limekuwa majivu, usiku kucha wamelitazama likiungua kutoka huku mlimani. Mkewe akamwambia, lala. Akasema, nilale nichelewe kazini? Akanyoa ndevu, akavaa suti yake ya kazi, akatoka. Mtoto akamfuata nyuma. Walipofika wakawakuta wenzake wote wameshakuja, karani na mshoni na mfagiaji, wamesimama mstari mbele ya pale palipokuwa na mlango. Walikuwa wanangoja kufunguliwa."

Akanywa maji. Tende zilikuwa mbele yake, akazisogeza kidogo kwa kidole.

"Kesho yake akaenda tena. Na kesho kutwa. Wenzake wakaacha mmoja mmoja, wakatafuta kazi nyengine, yeye haachi. Kila siku anaamka, anavaa koti lake, anavaa kofia yake ya viua, anachukua bakora, anapita Darajani anaamkia watu..."

Darajani iko Unguja, mjini. Hakuna Darajani Cork, wala karani wa Kiayalandi hakuvaa kofia ya viua. Nilimtazama Mzee wa Forodha, mtu aliyekuwa akimkatiza kwa cheche na kwa upepo, nikamuona ameinama.

"... anafika mbele ya duka lake, duka limekwisha chukuliwa, lina kufuli ya serikali ya Mapinduzi. Anasimama. Jua likipanda anarudi nyumbani. Mie namwambia, baba, usende tena, yamepita, yaliyobaki ni kuchekwa. Ananiambia, nichelewe? Kisha mie nikapata safari ya masomo. Nikamuaga pale pale dukani, kwa sababu ndipo alipokuwa. Nikamwacha amesimama, na sikumuona tena."

Akalia. Alilia kama watu wazima wanavyolia, bila ya kujificha, mikono juu ya magoti. Hakuna aliyetikisa kifinjani kuonyesha ametosheka na kahawa, hakuna aliyetafuta viatu. Nasi wengine tulikuwa tunalia, maana karibu kila nyumba pale Mabela ina baba yake aliyesimama mahali.

Mzee wa Forodha akasogea mpaka magoti yao yakagusana.

"Ni kweli hayo," akasema. Sikuwahi kumsikia akimwambia Mwalimu neno hilo. "Weye ulipoondoka mie nilibaki. Nilikuwa nikimuona kila siku nikipita. Namwamkia, ananiitikia vizuri."

Mwalimu akamshika mkono.

"Alikuwa amevaa koti?"

"Amevaa," akasema Mzee wa Forodha. "Na vifungo vyote amefunga."